Mama, kamusi inasema ni neno hilo hilo

Barua ya wiki hii imetoka Jipe, wilaya ya Mwanga, kwa mama anayechuuza samaki. Ameomba jina lake lisitajwe, ila ameruhusu nitumie maneno ya barua yake na sentensi za binti yake, nami namshukuru kwa hilo. Binti ameanza Kidato cha Kwanza mwaka huu. Darasa lao lilipewa insha ya Kiingereza kuhusu mahali wanapoishi, na daftari liliporudi nyumbani lilikuwa limejaa duara nyekundu. Mwalimu ameandika pembeni, mara saba, kwamba neno siyo lenyewe. Herufi zote ziko sawa. Hakuna neno lililokosewa kuandikwa. Binti kafungua kamusi, kamwonyesha mama yake neno moja baada ya jingine, kisha kasema, "Mama, kamusi inasema ni neno hilo hilo."

"Kinachonisumbua si alama," anaandika mama huyo. "Tangu siku ile anaandika sentensi za maneno matatu matatu ili asiguswe na kalamu nyekundu. Alikuwa mtoto wa kueleza mambo mpaka unamwambia anyamaze. Mimi niliishia darasa la saba. Nina fedha nimeiweka kwa ajili ya nyavu za baba yake. Niitoe nimlipie tuisheni?"

Mzazi mwenzangu ambaye mtoto wako amesoma shule ya msingi ya serikali, hali hii unaijua. Miaka yote ya msingi masomo ni kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo moja kati ya mengine. Akivuka kwenda sekondari, jiografia, biolojia, historia, hesabu, vyote vinageuka Kiingereza kwa mkupuo. Kuna wiki chache za mwanzo za kumzoesha lugha, kisha gari linaondoka. Mtoto anashika kamusi kama mtu aliyeshika fimbo gizani. Anatafuta "azima", anapata maneno mawili, anachukua la kwanza. Nani amlaumu?

Nimezisoma zile sentensi saba alizozinakili mama. Nimezirudia. Ninachotaka kumwambia dada yangu wa Jipe ni hiki: hakuna hata moja kati yake ambayo kasoro yake ilihitaji mtu ajuaye Kiingereza. Zilihitaji mtu anayejua samaki, deni, njaa, maji na mpaka wa shamba. Mtu huyo anakaa nyumba hiyo hiyo na mtoto.

Nianze na samaki, kwa kuwa ndiyo kazi ya nyumba. Binti aliandika kwamba mama yake anauza 'raw fish'. Alitafsiri "samaki wabichi", na kamusi haikumdanganya, maana "mbichi" kwa Kiingereza ni 'raw', ni 'fresh', na kwa ndizi ni 'unripe' au 'green'. Sasa mama, jiulize wewe mwenyewe sokoni. Mteja akikuuliza kama samaki ni wabichi, anataka kujua nini? Hataki kujua kama umewapika. Anawaona kwa macho kwamba hujawapika. Anataka kujua kama wametoka ziwani leo au wamelala. Hilo ndilo 'fresh'. Samaki aliyelala siku mbili kwenye beseni, macho yamezama, mashavu yamepauka, bado ni 'raw' kwa kuwa hajagusa moto, lakini si 'fresh' hata kidogo. Na perege uliyemtoa ziwani asubuhi ukamkaanga mchana si 'raw' tena, ingawa mtu bado anaweza kumsifu kwamba ni 'fresh'. 'Raw' inaulizia moto. 'Fresh' inaulizia muda. Wewe mama unaishi kwa tofauti hiyo, ndiyo inayokuletea wateja au kuwafukuza. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza mtoto: unamaanisha wabichi wa namna gani?

Sentensi ya pili ilisema 'My mother borrows fish to people and they pay on Saturday.' Hapa mtoto alianza na kitenzi "kuazima", na "kuazima" ni neno lenye milango miwili. Tunasema "nimeazima jembe kwa jirani", na kesho tunasema "jirani kaniazima jembe", na hakuna anayepotea, maana tunaangalia ni nani yuko mwanzo wa sentensi. Kiingereza hakikubali. Anayepokea ana neno lake, 'borrow', na anayetoa ana lake, 'lend'. Wengi wetu tunatembea na kosa hili mpaka uzeeni, tunamwambia mtu 'borrow me your pen'.

Basi achana na "kuazima". Chukua maneno ambayo hakuna mchuuzi duniani anayeyachanganya: kukopa na kukopesha. Anayekopa ni 'borrow'. Anayekopesha ni 'lend'. Ukishafanya mali kauli na mtu, unaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mtoto wako lakini hutasahau ni nani alikopa na ni nani alikopesha. Ile silabi ndogo inayoongezwa kwenye "kukopesha" inafanya kazi ambayo Kiingereza kimeamua kuifanya kwa neno jingine zima. Mtoto wa mchuuzi mwenye daftari la madeni nyumbani ana somo la 'borrow' na 'lend' mezani kwake. Amwandikie mama yake orodha ya wiki kwa Kiingereza, nani kakopa nini, nani kakopeshwa nini, na lazima mwisho hesabu ikubali. Nyongeza moja kwa walio makini: samaki akishaliwa harudi yeye mwenyewe, yanarudi malipo, kwa hiyo Mwingereza angependa aseme mama anauza 'on credit'. Jembe unaliazima kisha unalirudisha hilo hilo. Lakini kwa Kidato cha Kwanza, akijua nani anatoa na nani anapokea, ameshavuka mto mkubwa.

Tukiwa kwenye mikopo niseme na wazazi wenyewe. Kuna neno letu moja, "mdhamini", linalobeba mzigo wa watu wanne. Kampuni inayoivalisha timu jezi ni mdhamini, na Kiingereza chake ni 'sponsor'. Anayeshika mali ya taasisi kwa niaba ya wengine, kama wale wa bodi ya wadhamini, ni 'trustee'. Anayesimama mahakamani ili mtu apate dhamana ni 'surety'. Na anayeweka sahihi kwenye karatasi ya mkopo wa mwenzake ni 'guarantor'. Watatu wa mwanzo tuwaache. Huyu wa nne akae akijua kwamba mkopaji akishindwa kulipa, mlango utakaogongwa unaofuata ni wake. Fomu ikiwa ya Kiingereza, chini kabisa kuna nafasi mbili za sahihi zinazofanana kwa urefu: 'witness' na 'guarantor'. 'Witness' ni shahidi, ameona watu wakitia sahihi, basi. Mtu anayeombwa na shemeji yake "saini tu hapa chini" aulize kwanza ni hapa chini pa nani.

Sasa ile sentensi iliyonifanya niweke barua chini kidogo. Binti aliandika: 'When the fish were few, we won hunger.' Mwalimu hakuweka duara hapo, ameweka alama ya kuuliza. Mama anasema alipotafsiriwa alicheka, kisha hakucheka tena.

Alichotaka kusema mtoto ni "tulishinda njaa". Kila msomaji wa ukurasa huu anajua maana yake: kumekucha, kumechwa, na jiko halijawashwa. Lakini "kushinda" kwetu ni kukaa kutwa, na pia ni kumzidi mwenzako mchezoni au vitani, na mtoto alichukua neno la uwanjani. Matokeo yake, sentensi ikageuka kichwa chini miguu juu. Mwalimu anasoma kwamba familia iliipiga njaa ikaanguka. Mtoto kaeleza siku ngumu kuliko zote za nyumba yao, na karatasi inasema walishangilia. Hapo ndipo ninaposema tofauti ya maneno si urembo wa lugha. Alipaswa kuandika 'we went hungry all day', yaani tulikaa na njaa kutwa. Na hata uwanjani kwenyewe 'won' ina masharti yake: unai-'win' mechi au kombe, lakini timu pinzani una-'beat'. Anayesema Simba 'won' Yanga, au kinyume chake kwa wenye moyo huo, ameandika kwamba Simba wamepewa Yanga kama zawadi.

Tusiondoke hapo kwenye njaa haraka, kwa kuwa upande wetu wa tambarare, Same na Mwanga, maneno haya mtoto atayahitaji kwenye jiografia kila mwaka. Kiangazi ni 'dry season': kinakuja kila mwaka, kinajulikana, ng'ombe wanakonda kidogo na mvua inarudi. Ukame ni 'drought': mvua haikuja ilipotakiwa kuja, kama ule wa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 ulioangusha mifugo mingi kanda ya kaskazini. Njaa ya tumboni, hata ya saa nne asubuhi kabla ya uji, ni 'hunger'. Baa la njaa, linaloshika nchi nzima au eneo kubwa mpaka watu wanakufa, ni 'famine'. Na kufa, au kukaribia kufa, kwa kukosa chakula ni 'starvation'. Tazama kwamba Kiswahili kina maneno yote: kiangazi, ukame, njaa, baa la njaa. Mtoto akiandika 'famine' kwa sababu amekosa chakula cha mchana, mama yake anaweza kumsahihisha bila kujua herufi moja ya Kiingereza. "Hilo lilikuwa baa la njaa, au ilikuwa njaa yetu sisi?" Basi. Mtoto atarudi mwenyewe kwenye kamusi.

Duara jingine lilikuwa kwenye 'In the morning I hear cold from the lake.' Hapa ni "nasikia baridi". Sisi tunasikia kila kitu: tunasikia sauti, harufu, baridi, uchungu, kiu, hata ladha. Ni kitenzi kikarimu. Kwa Kiingereza 'hear' ni ya masikio peke yake. Baridi, kiu na maumivu ni 'feel', harufu ni 'smell'. Na hapo hapo kuna 'listen', ambayo ni kusikiliza. Muulize mtoto: mvua ikigonga bati usiku unasikia au unasikiliza? Unasikia, hata kama hutaki. Mwalimu akiongea? Unatakiwa usikilize. Wazazi tunawaambia watoto "unasikia lakini husikilizi" tangu wakiwa na miaka mitatu, nadhani hili halihitaji tuisheni.

Sasa tutoke nje ya nyumba tuangalie mandhari, kwa kuwa insha ilihusu mahali, na Jipe ni mahali penye maji ya kila aina. Binti aliandika kwamba anaishi 'near a dam'. Ziwa Jipe si 'dam'. Ni 'lake', halikujengwa na mtu. Linapokea Mto Lumi unaotoka upande wa Kilimanjaro na vijito vya milima ya Upare. Lakini namwelewa, maana kwetu "bwawa" ni jina la karibu kila maji yaliyotulia: la Nyumba ya Mungu, la kuogelea, la samaki, hata la matope. Kiingereza kimegawa. Kwa Nyumba ya Mungu, iliyojengwa miaka ya 1960, ule ukuta unaozuia maji ndio 'dam', na maji yenyewe yaliyotanda nyuma ya ukuta ni 'reservoir'. La kufugia samaki nyumbani ni 'pond'. La kuogelea ni 'pool'. Kule ambako ziwa limevamiwa na matete na mafunjo hata mtumbwi unakwama, ni 'swamp', kinamasi. Na ndiva zetu za milimani, ambazo wazee walichimba ili kukusanya maji ya usiku na kuyafungulia mashambani asubuhi? Hizo ni 'reservoir' ndogo. Ningependa mtoto aandike 'ndiva' vile vile kisha aeleze kwa sentensi moja ni kitu gani. Kiingereza kimekula maneno ya watu wengi, hakitashindwa na hilo.

Amfuate mama yake safari moja ya maji. Yanatoka ziwani Jipe kwa Mto Ruvu, yanakwenda mpaka Nyumba ya Mungu ambako yanakutana na ya Kikuletwa, yanatoka hapo yakiitwa Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Ziwa lina 'shore', mto una 'bank', bahari ina 'coast'. Kwa safari moja amepata maneno matatu yanayofanana, na kila moja lina mahali pake pa kusimama.

Kwenye "mpaka" nina maneno zaidi, maana mpaka kwa watu wa Jipe si jambo la darasani. Binti aliandika kwamba 'the border of our farm' ni minyaa. 'Border' ni ya nchi na nchi. Ni ile iliyopita hapo ziwani kwao, Kenya upande mmoja, Tanzania upande wa pili. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886, uliochora mstari kutoka mdomo wa Mto Umba kule pwani, ulilitaja Ziwa Jipe kwa jina. Kuivuka 'border' unaulizwa karatasi. Minyaa au masale yaliyopandwa kati ya shamba lako na la jirani ni 'boundary'. Kuivuka hiyo huulizwi karatasi, unaulizwa na jirani mwenyewe, na mara nyingi kwa sauti kubwa zaidi. Mipaka ya vijiji, ya viwanja na ya hifadhi nayo ni 'boundary'. Ile ya mwendo wa gari barabarani ni 'limit'. Na "mpaka" wa "nilimsubiri mpaka jioni" si mpaka wa mahali hata kidogo, ni 'until'. Mwenye kesi ya shamba anayepelekewa hati ya Kiingereza afahamu kwamba neno la kutafuta ndani yake ni 'boundary'. Hapo ndipo miguu ya shamba lake ilipopimwa.

Wasomaji wa Same watanikumbusha Mkomazi. Tangu 1951 ilikuwa 'game reserve', na 2008 ikawa 'national park'. Wapo wanaodhani ni jina la heshima limebadilishwa tu. Kiswahili chetu kimetofautisha vizuri: pori la akiba, ambako uwindaji kwa leseni unaweza kuruhusiwa, na hifadhi ya taifa, ambako hauruhusiwi.

Duara la mwisho: 'Our fish live in cold water.' Ametafsiri "samaki wa maji baridi", kama kilivyoandikwa kitabu chake cha msingi. Lakini maji baridi ya hapo hayana habari na joto. Jipe mchana ni vuguvugu. Maana yake ni maji yasiyo ya chumvi ya bahari, nayo kwa Kiingereza ni 'fresh water'. Ndiyo, 'fresh' ile ile ya samaki wabichi, hapa imevaa nguo nyingine. Pembeni ya sentensi hiyo ningemshauri aongeze kwamba kuna perege aliyepewa jina la kisayansi la Oreochromis jipe mwaka 1955, jina la ziwa lao limo ndani yake. Sioni mwalimu gani atakayeipitisha sentensi hiyo bila kutabasamu.

Maji yananipeleka kwenye jambo ambalo halikuwa kwenye insha, lakini ni la kila nyumba. Tunasema "maji safi na salama" kwa pumzi moja, mpaka tumeamini ni kitu kimoja. Kiingereza kina maneno matatu hapo. 'Clear' ni maji maangavu, ukitia kwenye bilauri unaona upande wa pili. 'Clean' ni yasiyo na uchafu. 'Safe' ni yasiyokudhuru. Maji maangavu yenye konokono wa kichocho si salama hata kuyaingia kwa miguu. Kuna visima Kilimanjaro, Arusha na Manyara ambavyo maji yake yanang'aa, na watoto wanaoyanywa wanaota meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi iliyozidi. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho wa miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi haiondoki. Kwa upande mwingine, maji ya kisima yenye rangi kidogo, yakichujwa na kuchemshwa, yanaweza kuwa salama kuliko yale ya kung'aa. Ukiona kibao au karatasi ya kipimo imeandikwa 'clear', usisome 'safe'.

Vivyo hivyo "dawa". Kwetu ya kikohozi ni dawa, ya panya ni dawa, ya nyanya ni dawa, ya viatu ni dawa. Kwa Kiingereza ya kunywa mgonjwa ni 'medicine', ya wadudu shambani ni 'pesticide', na kwenye chupa ya hiyo ya pili kuna neno 'poison' ambalo ni sumu. Mtoto ajue maneno hayo matatu kabla ya mashairi yoyote, na chupa hizo zisikae rafu moja.

Nisije nikamfanya binti aone kwamba lugha yake ni masikini. Ndungu kule Same kuna mpunga shambani, mchele kwenye gunia na wali kwenye sahani. Mwingereza anaviita vyote 'rice', atajua mwenyewe kama anapanda au anakula. Baba mdogo, baba mkubwa na mjomba, watu watatu ambao kwenye msiba au mahari hawawezi kubadilishana viti, kwake wote ni 'uncle'. Kila lugha imegawa pale ilipoona kuna haja. Mtoto akilijua hili, kalamu nyekundu haimwambii tena kwamba ana akili ndogo; inamwambia kwamba amefika mahali ambapo wenzake waligawa na sisi hatukugawa.

Kuhusu kamusi yenyewe. Wengi wanayo ile ya Kiswahili kwenda Kiingereza peke yake, na wanaisoma njia moja. Ikiwezekana apate na ya pili, ya Kiingereza kwenda Kiswahili. Ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza 1996, bado inapatikana kwenye maduka ya vitabu, hata iliyotumika. Akipata maneno mawili ya Kiingereza kwa neno moja la Kiswahili, asichague. Ayafuate yote mawili kwenye kamusi ya pili na asome mifano, siyo maana peke yake. Pale ambapo yote mawili yanamrudisha kwenye neno lile lile la Kiswahili, hapo asimame, amwite mama yake. Dada yangu, kazi yako wewe itakuwa kuuliza maswali ya mchuuzi: nani katoa, nani kapokea? Ni suala la moto au la muda? Ni nchi na nchi, au wewe na jirani? Ilikuwa kutwa, au mlimpiga mtu bao? Ajibu kwa Kiswahili, au kwa Chasu kama nyumbani mnaongea Chasu. Jibu likishanyooka, Kiingereza kitafuata. Kila neno aliandikie sentensi moja ya mambo ya nyumbani kwenu, siyo ya kitabuni. Robo saa kila jioni, kabla betri ya taa haijaisha.

Fedha, nunueni nyavu, na ziwe za matundu halali. Tuisheni ya mjini nyingi ninazozijua zinampa mtoto orodha ndefu zaidi ya maneno, naye orodha anayo. Kama muhula wa pili ukiisha na bado amekwama, niandikie tena tuone.

Na lile daftari asilitupe. Aiandike insha ile upya, yote, kwa sentensi ndefu kama alivyozoea kuongea, ampelekee mwalimu bila kuombwa. Ile ya njaa asiifute. Mwalimu ameweka alama ya kuuliza, maana yake anataka kujua siku ile ilikuwaje.

Wiki ijayo: 'say', 'tell', 'speak' na 'talk', maana msomaji wa Gonja ameuliza kwa nini mtoto wake kila mara 'anasema' hadithi na mwalimu anakataa.